Shangazi, keki yangu inanuka sabuni

Toleo lililopita nilitaja biskuti za lavenda katika sentensi moja tu, tena mwishoni kabisa, nikidhani hakuna atakayejali. Barua zilizofuata zimezidi hata zile za keki zinazobonyea katikati, na hizo ndizo hunijia mwaka mzima. Nimechambua chache. Waliouliza swali moja kwa maneno tofauti nimewajibu pamoja, wasininunie.

*Shikamoo Shangazi. Nilioka keki ya lavenda kwa siku ya kuzaliwa ya binti yangu. Nilitia vijiko vikubwa vitatu vya maua makavu, nimeyasaga yakawa laini kabisa. Mume wangu alionja kipande akaniuliza kama nilisahau kusuuza bakuli. Nimekosea wapi? — Mama wa Watatu*

Marahaba, mwanangu. Usimnunie baba watoto, ulimi wake ni mzima. Hata mimi yamenikuta. Keki yangu ya kwanza ya lavenda niliwakatia wageni sita. Watano walikula kwa adabu, huku wakiomba chai mara kwa mara. Wa sita, mtoto wa miaka saba, akauliza kwa sauti: "Hii ni ya kula au ya kuogea?" Maua yale niliyanunua kwa muuzaji wa vitu vya kunukiza makabati ya nguo. Mfuko haukuwa na jina la mmea, nami sikuuliza. Ua la zambarau linanukia, basi nikaona linatosha.

Sasa najua kwamba lavenda si mmea mmoja. Zipo aina zaidi ya 40, za ukoo uleule wa nanaa, rihani na rozimari. Inayofaa jikoni ni ile ambayo wataalamu huiita *Lavandula angustifolia*. Watu wengi huiita lavenda ya Kiingereza, ingawa kwao hasa ni kwenye milima ya nchi za Mediterania. Halafu kuna chotara wake, lavandini, yaani *Lavandula × intermedia*. Huyu ni mkubwa, ana mabua marefu, na hutoa mafuta mengi kuliko mzazi wake. Ndiyo maana amejaa kwenye mashamba ya kusini mwa Ufaransa, na mafuta yake huishia kwenye sabuni za kuogea na za kufulia. Lakini chotara huyu ana kafuri nyingi, na angustifolia ana kidogo sana. Kwa hiyo mtu akitafuna keki yenye lavandini, ulimi unakutana na ukali wa kafuri, na pua inakumbuka sabuni. Haikosei, kwa maana harufu hiyo imeizoea bafuni.

Siku hizi, kabla ya kununua, natafuta neno *angustifolia* kwenye kifurushi. Majina ya Munstead na Hidcote ni ya aina zake, nayo ni mazuri. Ukiona Grosso, hiyo ni lavandini. Nunua ukitaka, lakini ipeleke kabatini. Na ile yenye vipeperushi viwili juu ya kichwa cha ua, kama masikio ya sungura, ni *Lavandula stoechas*. Inapendeza kwa macho, na ibaki hapohapo kwenye macho. Kama kifurushi hakisemi lolote, tia tumba moja mdomoni ulitafune. Likianza kwa utamu wa maua na kumalizia na uchungu mdogo, sawa. Likikupiga kama dawa ya kuchua, umeshajibiwa. Ila jaribio hilo ni kwa maua yaliyouzwa kwa ajili ya kuliwa. Yale ya mapambo na ya maduka ya maua huenda yamepuliziwa dawa, na dawa haionekani wala haionjwi.

Tukija kwenye kiasi, mwanangu, vijiko vikubwa vitatu ni vya kunukiza nyumba nzima. Keki ya gramu 250 za unga inatosheka na kijiko kimoja cha chai cha maua makavu, na mara ya kwanza ningeanza na nusu. Ukiwa na maua mabichi, unaweza kutia mara tatu ya hapo, kwa sababu makavu yamekusanya nguvu.

Kuyasaga ndiko kulikokumaliza. Ua likisagwa linatoa kila lilicho nacho, uchungu pamoja na harufu, na vile vipande vigumu vinabaki kwenye meno kama mchanga. Mimi huchukua maziwa ya kwenye keki ileile, nikayapasha yakaribie kuchemka, nikaepua. Natia maua, nafunika, nahesabu dakika 10, nachuja. Kufunika si mazoea tu: harufu ya lavenda iko kwenye mafuta yanayoruka na mvuke, na ukiacha sufuria wazi unanukiza jiko badala ya keki. Wala usichemshe maua yenyewe, utapata uchungu wa majani. Maganda ya limau yaliyokunwa na kijiko cha asali huisaidia sana lavenda, na vanila pia, ilimradi isizidi.

Kwa walioomba zile biskuti, hesabu yake ni rahisi: sukari gramu 100, siagi 200, unga 300. Kabla ya yote, tia kijiko kimoja cha chai cha matumba kwenye sukari, usugue kwa ncha za vidole dakika mbili hivi, mpaka sukari inukie. Kisha pekecha siagi na sukari, changanya unga bila kuukanda sana, sukuma unene wa sentimita moja, kata, oka kwenye nyuzi 160 kwa dakika 20 hivi. Zitoe kingo zikianza tu kugeuka rangi. Zikiwa kahawia, harufu imeungua.

*Shangazi, nina chupa ndogo ya mafuta ya lavenda, imeandikwa "asilia asilimia 100". Badala ya kuhangaika na maua, si nitie matone mawili kwenye chai? Rafiki yangu ananiambia mafuta haya yaliponya mkono wa mwanasayansi mmoja Mfaransa, sasa tumbo yatalidhuru vipi? — Mpenda Njia Fupi*

Usitie. Nimekuweka wa pili ili wengi wasome hapa kabla hawajachoka.

Neno asilia halina maana ya kunyweka. Kupata kilo moja ya mafuta hayo hukenekwa, yaani huvukizwa na mvuke wake kupozwa, zaidi ya kilo 100 za maua. Kwa hiyo tone moja ni mzigo wa maua ambao hakuna mtu angeutia kwenye kikombe kwa akili zake timamu. Halafu mafuta hayachanganyiki na maji. Yanaelea juu ya chai yako kama utando, na funda la kwanza linayabeba yote yakiwa makali vilevile, yanachoma mdomo na koo. Kwa mtoto mdogo, kunywa hata kiasi kidogo ni dharura ya hospitali. Chupa ikae juu, ifungwe, isikae karibu na dawa za kikohozi, ambazo chupa zake hufanana nayo mno.

Kisa cha rafiki yako nakijua. Mwanasayansi huyo ni René-Maurice Gattefossé, mkemia wa manukato. Mwaka 1910 maabara yake ililipuka, akaungua mikono. Wasimulizi humfanya atumbukize mkono kwenye pipa la mafuta ya lavenda na kupona papo hapo. Yeye mwenyewe aliandika jambo la kawaida zaidi: vidonda vyake viliingia uozo wa gesi, akavisuuza kwa mafuta ya lavenda, na hapo uozo ukakoma. Ndiye aliyeeneza neno aromatherapia, yaani tiba ya manukato ya mimea, na kitabu chake kilitoka mwaka 1937. Angalia lakini: katika kisa chote hicho, mafuta hayakupita kooni.

Na ninajua mwingine ataniandikia kwamba Ujerumani kuna vidonge vya mafuta ya lavenda vya miligramu 80 vya kutuliza wasiwasi. Ni kweli vipo, vimesajiliwa kama dawa, na mafuta yake yameandaliwa na kupimwa kwa kazi hiyo. Chupa yako iliandaliwa kwa kunukiza.

Kwa ngozi pia yachanganye kwanza. Matone 6 kwenye mililita 30 za mafuta ya kawaida, ya lozi au ya alizeti, yanatosha. Jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono na usubiri siku moja. Chupa iliyokaa wazi miaka mingi usiipake kabisa, maana mafuta haya yakikutana na hewa kwa muda mrefu hubadilika na kuwasha ngozi kuliko yakiwa mapya.

*Nilitengeneza maji ya limau ya lavenda kwa ajili ya wageni. Kwenye picha yalikuwa ya zambarau ya kupendeza. Yangu yalikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nimetapeliwa? — Aliyeaibika*

Ndiyo, ila na picha, si na lavenda. Zambarau ile kali hutoka kwenye chupa ya rangi ya chakula, au kwenye matunda yenye rangi hiyo yaliyopondwa ndani yake. Lavenda ikiloweka kwenye maji ya kawaida hutoa kijivu chenye ukahawia. Hata yangu haipendezi.

Sasa fanya hivi mbele ya wageni, utafurahi. Rangi ya ua hili ni ya kundi moja na ya kabichi la zambarau, nayo hubadilika ikikutana na asidi. Mimina maji yako yenye sura mbaya kwenye jagi la kioo, kisha tia maji ya limau polepole. Yatageuka kuwa waridi hafifu. Hafifu, nimesema. Ukitaka waridi la kupiga kelele, rudi kwenye chupa ya rangi.

Shira yangu ni kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha maji, na kijiko kikubwa kimoja cha matumba makavu. Chemsha sukari na maji mpaka sukari iyeyuke, epua, tia maua, funika. Onja baada ya dakika 10. Mimi huchuja kwenye 15, wala sijawahi kufika 20 nikafurahi. Usiyakamue maua kwenye chujio, uchungu wote umejificha humo. Ikipoa itie kwenye chupa safi na uiweke kwenye jokofu, ikae wiki mbili. Kwa glasi moja: shira vijiko vikubwa viwili, maji ya limau vijiko viwili, maji baridi mililita 200. Anayependa chai nyeusi yenye harufu ya bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, ajaribu kuitia shira hii badala ya sukari. Bergamoti na lavenda zina viungo vya harufu vinavyofanana, linaloli mojawapo, na ndiyo maana hukaa pamoja kama mtu na nduguye. Mbegu za giligilani nazo zimejaa linaloli hiyohiyo. Niliwahi kuzikaanga kidogo na kuzitia kwenye shira pamoja na maua, na nikaona nimechelewa sana kujua jambo hilo.

Chai ya maua matupu: kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, dakika tano, basi. Mjamzito, au anayetumia dawa za usingizi au za kutuliza, aongee na daktari wake kwanza.

*Kwenye nyama je? Nimenunua mchanganyiko wa majani makavu wenye jina la Provence, ndani naona lavenda. — Fundi wa Kuchoma*

Provence ni eneo la kusini mwa Ufaransa, lakini lavenda katika mchanganyiko ule hupendwa zaidi na wanunuzi wa ng'ambo, hasa Marekani. Ule wenye alama rasmi ya ubora ya Ufaransa una rozimari, oregano, savori, thaimu na rihani, basi. Hata hivyo sina ugomvi nayo. Kwenye kondoo, kuku au viazi vya kuoka inafaa, ikiwa chache kuliko thaimu na ikiandamana na chumvi na kitunguu saumu. Iweke chini ya nyama au ndani yake. Ikikaa juu kwenye moto wa wazi inaungua, na lavenda iliyoungua ina harufu ambayo sitaieleza kwenye gazeti linalosomwa wakati wa kula.

*Shikamoo Shangazi. Nimeweka vifuko vinne vya lavenda kabatini, na bado sweta langu la sufu limetobolewa. Nondo hawa ni wa aina gani wasioogopa lavenda? — Mvaa Matundu*

Marahaba. Nondo aliyekula sweta hujamwona. Yule anayeruka ameshakula maisha yake. Mlaji ni kiwavi, mdogo kama punje ya mchele, anayejificha kwenye mikunjo na chini ya kola. Lavenda humsumbua nondo mzazi asipende kutaga hapo. Kiwavi aliyekwisha kuanguliwa haimuui, wala yai hailiui. Wewe ulifunga mlango mwizi akiwa ndani.

Kwa hiyo toa nguo zote, na kabati lenyewe ulifute mpaka kwenye nyufa, kwa fagio la umeme kama unalo. Sufu na hariri ndizo anazozila, pamoja na manyoya. Pamba tupu hana haja nayo sana, isipokuwa ikiwa na jasho au chakula. Inayofulika ifue. Isiyofulika ifunge kwenye mfuko wa plastiki, utoe hewa, uiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ikitoka, iache mfukoni mpaka ipate joto la chumba, isije ikalowa.

Hapo sasa ndipo vifuko vinafaa, na hapa ile lavandini niliyoifukuza jikoni inarudi kwa heshima. Kafuri iliyoharibu keki ndiyo inayotakiwa kabatini, na harufu yake hudumu. Shona kifuko cha pamba, kitie gramu 20 au 30, kining'inize juu, kwa sababu harufu inashuka vizuri kuliko inavyopanda. Kiminye kila wiki. Matumba yakisuguana yanatoa mafuta upya. Baada ya mwaka badilisha. Usidondoshee mafuta ya chupa moja kwa moja kwenye hariri. Nina kitambaa chenye doa la mviringo ambalo nimelivaa kwa miaka kama ua.

*Tuna paka, na binti yangu ameleta kile kifaa cha umeme cha kusambaza harufu. Anatia mafuta ya lavenda usiku kucha. Paka amehamia bafuni. — Baba Paka*

Paka ameandika barua kabla yako, ndugu yangu. Ini la paka halina uwezo wetu wa kuvunja viungo vya mafuta haya, kwa hiyo kinachotupita sisi yeye kinambakia. Tena matone madogo yanayorushwa na kifaa yanatua kwenye manyoya, naye hujilamba kutwa. Ukimwona anatapika, amekataa chakula, anadondokwa mate au anayumba, mpeleke kwa daktari wa mifugo na uende na ile chupa.

Binti asifukuzwe pamoja na kifaa chake. Atumie nusu saa, mlango wazi, chumba ambacho paka halali, kisha azime. Kwa pua ya mtu hiyo nusu saa inatosha. Baada ya hapo pua imeshazoea na haisikii tena, ndiyo maana watu huongeza matone bila mwisho. Shada la maua makavu lililotundikwa juu mahali asipofika kulitafuna halina shida hiyo. Mbwa naye asipewe kutafuna.

*Mwanangu, mimi ni mzee wa miaka 74. Mke wangu alizoea kuweka kifuko cha lavenda chini ya mto wangu. Wajukuu wananicheka, wanasema ni mambo ya kizamani yasiyo na kazi. Je, kina kazi? — Babu Asiyelala*

Shikamoo, mzee wangu. Wajukuu uwaambie yapo majaribio ya kitabibu ambapo watu walionusa lavenda waliripoti usingizi bora. Mengi ni madogo, na ni vigumu kumficha mtu anachonusa, kwa hiyo sitakuapia. Ila wewe una jambo ambalo majaribio hayana: miaka mingi ya kulala ukinusa kitu hicho hicho. Mwili umejua kwamba harufu ile ikija, taa inazimwa. Mimi ningekiweka, tena kiwe chembamba ili kisikuumize shingo, nacho kibadilishwe kila baada ya miezi sita. Ukiona usingizi umekukimbia wiki kadhaa mfululizo, mwambie daktari. Huo hautatulizwa na kifuko.

*Nilitia matone ya mafuta ya lavenda kwenye tangi la pasi ya mvuke. Imetema madoa kwenye shati jeupe na sasa haitoi mvuke. — Mnyoosha Nguo*

Pole. Mafuta na maji, ni yaleyale ya chai. Mwaga, jaza maji safi, ipulizie mvuke kwenye kitambaa kikuukuu mara nyingi uwezavyo. Doa la shati lisugue kwa sabuni ya maji ya vyombo kabla hujalifua.

Siku nyingine changanya matone 10 na vijiko vikubwa viwili vya pombe kali isiyo na rangi, kisha ongeza maji mililita 250. Tikisa kila unapotumia. Pulizia shuka, ziache zikauke kidogo mbali na moto, ndipo upige pasi. Wanaouza mafuta ya lavenda mara nyingi huuza pia maji yanayobaki wakati wa kukeneka. Hayo ni mepesi na hayahitaji pombe. Maua yaliyolowekwa nyumbani usipulizie kwenye nguo nyeupe, umeshasoma habari za ile rangi.

Na wewe uliyeniuliza juu ya kusafishia: loweka maua kwenye siki nyeupe wiki mbili, chuja, changanya nusu kwa nusu na maji. Inafaa kwa vioo na vigae. Kwenye marumaru usiiguse, siki inaila. Na isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, maana hewa inayotoka hapo ni sumu.

*Nimepanda lavenda kwenye chungu. Naimwagilia kila siku, naipa mbolea, naihurumia, na bado majani yanageuka njano. — Mkulima wa Dirishani*

Unaiua kwa huruma. Huu ni mmea wa miteremko yenye mawe na jua kali; mizizi yake ikikaa kwenye maji inaoza, na majani ya njano ndiyo malalamiko yake. Itoe, kata mizizi iliyokuwa myeusi na laini, ipande upya kwenye chungu cha udongo wa kufinyanga chenye tundu chini. Mchanganyiko uwe na mchanga mnene au kokoto ndogo, karibu theluthi moja. Jua lisipungue saa sita kwa siku. Chomeka kidole: udongo ukiwa mkavu mpaka pingili ya pili, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha iache. Mbolea isahau. Ukiinenepesha inatoa majani mengi na harufu kidogo.

Baada ya kuchanua, punguza theluthi moja ya juu, ila usiingie kwenye mti mkavu wa chini usio na majani, hapo mara nyingi haichipui tena. Nilikata mmoja kama ninavyokata kichaka cha uani. Ulibaki kijiti, na kijiti kikabaki kijiti.

Maua ya jikoni yachume asubuhi umande ukishakauka, wakati maua madogo machache ya kwanza kwenye kikonyo ndiyo yamefunguka na mengine bado ni matumba. Funga mashada membamba, yatundike kichwa chini mahali pa giza penye hewa. Giza hulinda rangi. Baada ya wiki mbili hivi yapukuse juu ya sinia. Kama mche wenyewe umetoka duka la maua, maua yake ya mwaka wa kwanza usiyale.

*Shangazi, nimekuta kopo la lavenda kwenye kabati la marehemu mama. Lina miaka minne. Bado linafaa? — Mwana wa Pekee*

Pole sana, mwanangu. Sugua matumba machache viganjani, uweke pua. Yakinukia, yatie kwenye kifuko. Kwenye chakula mimi siendi zaidi ya mwaka mmoja. Haitakudhuru ikiwa kavu na haina ukungu, lakini harufu imetangulia kuondoka na uchungu umebaki. Kopo osha kwa maji ya moto, likaushe juani, tia sukari na kijiko kikubwa cha maua mapya, funga wiki moja. Na mfuniko wake usiupoteze. Makopo ya zamani yalibana kwelikweli.